Bing ilipozimika, nani alibaki anatafuta?

Alhamisi ya tarehe 23 Mei 2024, watu wengi Ulaya na Asia walifungua DuckDuckGo, injini ya utafutaji inayoahidi faragha, wakaandika walichokuwa wakikitafuta, na badala ya orodha ya viungo wakapata ujumbe mfupi kwamba kumetokea hitilafu katika kuonyesha matokeo, jaribu tena. Wakajaribu tena. Ujumbe ukawa uleule. Waliokuwa kwenye Ecosia, injini nyingine, yaliwakuta hayohayo. Copilot, msaidizi wa akili mnemba wa Microsoft, haikupatikana, na ChatGPT ikashindwa kutafuta mtandaoni. Google haikutikisika.

Majina yalikuwa tofauti, kampuni tofauti, nchi tofauti, lakini chanzo kilikuwa kimoja. Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, ilikuwa imepata hitilafu, na wote hao walikuwa wakichota kwake. Baada ya saa kadhaa mambo yakatengemaa, na habari ikapita kama zinavyopita habari nyingine za hitilafu.

Mimi naona haikustahili kupita hivyo. Kati ya walionasa siku ile walikuwamo watu waliokuwa wameihama Google kwa makusudi. Walikuwa wamebadilisha mipangilio ya simu na kompyuta zao, wakavumilia matokeo ambayo pengine hayakuwa mazuri kama waliyoyazoea, kwa sababu hawakutaka kampuni moja ishike funguo za kila wanachokisoma. Saa ile ilipofika, wengi wao hawakuwa na pa kwenda ila kurudi walikotoka. Walikuwa wamehama jina. Kilichokuwa chini ya jina hawakukijua, na kukijua si kazi ngumu kama inavyodhaniwa.

Tuanze na kilichovunjika. Injini ya utafutaji ina sehemu mbili ambazo mtumiaji huziona kama kitu kimoja. Ipo ile anayoigusa: kisanduku cha kuandikia, mpangilio wa matokeo, ahadi ya faragha. Na ipo faharasa, yaani hazina kubwa ya kurasa za mtandao iliyokusanywa na roboti zinazozunguka kutoka kiungo hadi kiungo, ikapangwa ili neno lolote lipate kurasa zake mara moja. Sehemu ya kwanza kikundi kidogo cha wahandisi kinaweza kuijenga kikaimaliza. Ya pili haimalizwi, maana mtandao hubadilika kila saa, na ndiyo inayomeza fedha. Katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliishtaki Google kwa kuhodhi soko la utafutaji, Pandu Nayak, mmoja wa wakuu wa utafutaji wa kampuni hiyo, alithibitisha mahakamani kwamba mwaka 2020 faharasa ya Google ilikuwa na hati zipatazo bilioni 400.

Ukubwa si kikwazo pekee. Wenye tovuti wengi huziruhusu roboti za Google na Bing, kisha hufungia mlango roboti wasiyoijua, kwa kuwa kila ziara huila seva yao na roboti ngeni haiwaletei wasomaji. Kwa hiyo injini changa inanyimwa kurasa kwa sababu haina watumiaji, na haipati watumiaji kwa sababu haina kurasa. Juu ya hapo kuna mibofyo. Injini hujifunza tokeo lipi ni zuri kwa kuangalia watu walibofya nini na walirudi haraka kiasi gani, na anayeulizwa zaidi hujifunza zaidi. Jaji Amit Mehta, aliyesikiliza kesi hiyo, katika hukumu yake ya tarehe 5 Agosti 2024, alieleza kwamba Google hupokea kila siku maswali mara 9 ya washindani wake wote wakijumlishwa. Kwenye simu ni mara 19.

Ndiyo maana wengi hukodi. DuckDuckGo, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Gabriel Weinberg, hujaza majibu yake mafupi kutoka vyanzo vingi na ina roboti yake, lakini viungo vya kawaida na picha huzipata kwa sehemu kubwa kutoka Bing. Ecosia, ya Berlin, inayotumia faida kupanda miti, ilitegemea Bing kwa miaka mingi, na tangu 2023 ikaongeza matokeo ya Google. Startpage huchukua ya Google na kuyaleta bila kumpeleka mtumiaji kwa Google. Ni maduka mengi yanayochukua mzigo ghala moja au mawili: kila moja lina muuzaji wake na heshima yake kwa mteja, lakini ghala likifungwa rafu zote hubaki tupu siku moja.

Hapa nataka kuwatendea haki. DuckDuckGo haikuwadanganya watu. Uhusiano wake na Bing umeandikwa wazi kwenye maelezo yake, na ahadi yake kuu ni faragha: kutohifadhi historia ya utafutaji ya mtu na kutomjengea wasifu wa kumuuzia matangazo. Ahadi hiyo haikuvunjwa tarehe 23 Mei. Kosa lilikuwa kwetu sisi tunaopendekeza, tuliozungumza juu ya faragha na uhuru kana kwamba ukipata kimoja umepata cha pili. Mtu anaweza kufichwa vizuri kabisa asionwe na Microsoft na bado akategemea Microsoft ili kuona chochote. Mwingine anaweza kutumia injini yenye faharasa yake kamili inayomfuatilia kila hatua. Google yenyewe ina faharasa yake.

Hata hivyo kutegemea kuna bei yake, na mara nyingine bei hiyo inaifikia faragha. Mei 2022 ilibainika kwamba kivinjari cha DuckDuckGo kilizuia vifuatiliaji vya Google na Facebook kwenye tovuti za watu wengine, lakini kikaviachia baadhi ya vile vya Microsoft. Weinberg alikiri kwamba mkataba wa matokeo ya utafutaji ndio ulioweka mipaka hiyo. Malalamiko yakawa makubwa, na Agosti mwaka uleule kampuni ikatangaza kwamba imeanza kuvizuia na hivyo pia. Kwangu tukio hili ndilo lililokuwa onyo halisi, miaka miwili kabla ya Bing kuzimika. Mwenye ghala hakuhitaji kuzima chochote. Aliweka sharti ndani ya mkataba, na mtumiaji akawa wa mwisho kujua.

Mwaka uliofuata masharti yaliongezeka. Mwanzoni mwa 2023 Microsoft ilitangaza bei mpya za kuwauzia wengine matokeo ya Bing, na kwa vifurushi vingine bei ilipanda mara kadhaa. Machi ikaripotiwa kwamba imewaonya baadhi ya wateja wake wasiitumie faharasa hiyo kulisha roboti zao za mazungumzo, la sivyo watakatiwa. Mtu anayejenga biashara juu ya faharasa ya mwingine hupanga mwaka wake kwa kalenda ya mwingine.

Je, siku ile nani alibaki anatafuta, ukiacha Google? Walibaki wenye faharasa yao. Mojeek ya Uingereza, iliyoanzishwa na Marc Smith mwaka 2004, imejenga faharasa yake tangu mwanzo na sasa ina kurasa za mabilioni. Brave Search, ya kampuni yenye kivinjari cha Brave, iliyofunguliwa kwa umma Juni 2021, haikuanza kutoka sifuri. Chimbuko lake ni Cliqz, mradi wa Ujerumani uliofungwa mwaka 2020 baada ya mfadhili wake kuona hauwezi kujilipa, na kazi iliyosalia ikanunuliwa na Brave. Hadi Aprili 2023 Brave ilikuwa bado inaomba Bing asilimia 7 hivi ya matokeo. Ikaacha. Agosti ya mwaka huo ikaacha kukopa hata picha. Laiti ingeahirisha kwa mwaka mmoja na nusu, nayo ingekuwa kwenye orodha ya majeruhi.

Njia hiyo imezika wengine. Neeva, iliyoanzishwa na watu waliotoka Google, ikijenga faharasa yake na kuwaomba watumiaji walipe badala ya kuona matangazo, ilifunga huduma yake ya utafutaji Juni 2023. Walipofunga walisema kwamba kujenga injini halikuwa jambo gumu kuliko kumshawishi mtu wa kawaida abadilishe aliyoizoea. Naamini maneno hayo. Mahakama ya Marekani ilionyesha kwamba mwaka 2021 pekee Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la kwanza kwenye vivinjari na simu, na mwaka 2022 Apple peke yake ilipata dola bilioni 20. Hakuna anayelipa kiasi hicho kwa jambo ambalo watu hulibadilisha kirahisi.

Faharasa ndogo ina mapungufu, na ni bora kuyasema mapema kuliko kumwacha mtu ayagundue akiwa na haraka. Kwenye Mojeek swali la jumla, kama jina la ugonjwa au la mwandishi, hupata kurasa nzuri, mara nyingine tofauti kabisa na zile ambazo injini kubwa hurudia kila siku. Ukiuliza jambo la asubuhi ya leo au ukiandika swali refu la mazungumzo, utaona pengo. Katika lugha zenye kurasa chache mtandaoni pengo ni kubwa zaidi. Marginalia, mradi wa mhandisi mmoja wa Sweden, umejifunga kwenye tovuti ndogo zenye maandishi mengi. Hautakupa saa za kufunguliwa kwa ofisi, lakini utakupeleka kwenye kurasa za watu binafsi ambazo huko kwingine zimefukiwa.

Kujua faharasa ya injini unayoitumia hakuhitaji utaalamu. Chukua swali finyu, lisilo na jibu moja maarufu, labda sehemu ya kifaa cha zamani pamoja na aina ya kasoro yake. Liandike kwenye Bing, kisha kwenye injini unayoichunguza. Ukiona viungo vilevile, kwa mpangilio ulio karibu uleule, umeona ghala. Rudia kwa maswali kadhaa, maana swali moja linaweza kufanana kwa bahati.

Kufikia hapa tumezungumzia kilichokuwa ndani ya ukurasa. Ujumbe wa hitilafu wa siku ile ulisomwa ndani ya kivinjari, na kisa kilekile kimejirudia huko kwa sura nyingine.

Kivinjari nacho kina uso na kina mtambo. Uso ni vichupo, alamisho na menyu. Mtambo ni programu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye skrini, na iliyobaki yenye watumiaji wengi ni mitatu tu: Blink ya Google, WebKit ya Apple, na Gecko ya Mozilla. Ilikuwa mingi zaidi. Opera iliuacha mtambo wake, Presto, mwaka 2013. Microsoft ilitangaza Desemba 2018 kwamba inauacha wa kwake, na Januari 2020 Edge ikatoka ikiwa imejengwa juu ya Chromium, mradi wa programu huria ambao Google ndiyo mwendeshaji wake mkuu. Brave, Vivaldi, Opera ya sasa na kivinjari cha Samsung vimo humohumo. Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua Brave au Edge, andika chrome://version kwenye sehemu ya anwani, kisha tafuta mstari wa User Agent: utasoma Chrome na namba ya toleo. Firefox haitakufungulia ukurasa huo. Wa kwake ni about:support, na humo hakuna Chrome.

Watu husema msimbo uko wazi, kwa hiyo yeyote anaweza kuuchukua na kuubadilisha. Kuuchukua, ndiyo. Kuutunza ni jambo lingine. Google ilipoamua kubadili kanuni za viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, ule mpango uitwao Manifest V3, uBlock Origin, kizuia matangazo kinachopendwa na wengi, hakikuweza kufanya kazi kama zamani, na katikati ya 2025 kikawa kimezimwa kwenye Chrome. Vivaldi ilisema mapema kwamba itashikilia kanuni za zamani maadamu msimbo wake bado upo ndani ya Chromium. Kauli hiyo ni ya kweli na ya kiungwana, na inaonyesha mpaka wa uhuru wao ulipo. Brave ilijinusuru kwa kuwa kizuizi chake kimejengwa ndani ya kivinjari chenyewe, hakitegemei viendelezi. Firefox iliendelea kuzikubali kanuni za zamani kwa sababu uamuzi ulikuwa mikononi mwake. Kwenye iPhone mambo ni mengine tena: kila kivinjari hulazimika kutumia WebKit, isipokuwa pale sheria ilipoibana Apple ilegeze, kama ilivyofanya Umoja wa Ulaya tangu Machi 2024. Kusakinisha Firefox kwenye iPhone nje ya maeneo hayo ni kusakinisha uso wa Firefox.

Basi jibu ni Firefox? Kwa mtambo, ndiyo, nalisema bila kusita. Kwa fedha, jibu linauma. Mei 2025 Eric Muhlheim, mkuu wa fedha wa Mozilla, aliieleza mahakama kwamba Firefox huleta takriban asilimia 90 ya mapato ya Mozilla, na kwamba karibu asilimia 85 ya fedha hizo hutoka kwenye mkataba na Google wa kuwa injini ya kwanza ndani ya Firefox. Mtambo pekee mkubwa usio wa Google wala Apple unalishwa na Google. Jaji Mehta alipotoa amri zake tarehe 2 Septemba 2025, alikataa kuilazimisha Google iuze Chrome, akapiga marufuku mikataba ya kipekee, lakini malipo ya namna hii hakuyafuta, na sababu mojawapo ilikuwa madhara ambayo yangewapata wanaoyategemea. Aliiamuru pia Google iwape washindani watakaokidhi vigezo baadhi ya data za faharasa yake. Ikitekelezwa kwa dhati, hiyo yaweza kupunguza ule unyimaji nilioueleza. Na bado utakuwa ni uhuru uliotolewa na mwenye ghala kwa amri ya mahakama.

Mitambo mipya ipo njiani. Servo, iliyoanza ndani ya Mozilla mwaka 2012 na kuachwa wakati wa punguzo la wafanyakazi la 2020, sasa inaendelezwa chini ya Linux Foundation Europe. Ladybird, iliyoanzishwa na Andreas Kling, inaandikwa bila kuchukua msimbo wa mtambo wowote uliopo, na shirika lake, lililoundwa 2024, limekataa kuuza nafasi ya injini ya kwanza. Toleo la majaribio limepangwa 2026. Sitamwambia mtu ategemee kivinjari kisichokamilika kwa kazi zake za kila siku, lakini kama una fedha za kuchangia mahali pamoja, hapo ni pazuri.

Turudi kwa waliozimikiwa. Miezi sita baada ya tukio, Novemba 2024, Ecosia na Qwant ya Ufaransa zilitangaza kampuni ya pamoja ya kujenga faharasa ya Ulaya. Faharasa hiyo iliitwa Staan, na Agosti 2025 ikaanza kuwahudumia baadhi ya watumiaji wa Ufaransa. Mwezi huohuo, tarehe 11, Microsoft iliifunga kabisa huduma ya wazi ya kuuza matokeo ya Bing, ikiwaelekeza wateja kwenye bidhaa zake za akili mnemba. Wakubwa kama DuckDuckGo wana mikataba yao ya moja kwa moja na hawakuguswa. Injini ndogondogo zilizokuwa zikinunua kwa bei ya dukani ndizo zilizobaki nje. Mei 2024 mlango ulifungika kwa saa chache kwa bahati mbaya. Agosti 2025 ulifungwa kwa uamuzi.

Kwa aliyekwama siku ile na anayetaka asikwame tena, ushauri wangu si kuitupa DuckDuckGo. Abaki nayo kama inamtosha, maana faragha yake ni ya kweli. Aiongezee injini ya pili isiyochota mahali pamoja na ya kwanza, Mojeek au Brave Search, iliyowekwa tayari kwenye mipangilio ya kivinjari na si ya kwenda kutafutwa siku ya dharura. DuckDuckGo na Ecosia pamoja hazimwongezei alichokosa siku ile. Kivinjari kiwe Firefox, au kile kilichojengwa juu ya Gecko kama LibreWolf, na kiwepo kingine cha Chromium kwa zile tovuti chache zilizojaribiwa kwenye Chrome peke yake. Kwa maswali ya kawaida aanze na injini ndogo. Ikishindwa aende kwenye kubwa bila aibu, kwa sababu anayejinyima majibu kwa msimamo huchoka baada ya wiki mbili akarudi kwa Google moja kwa moja. Hilo nimeliona mara nyingi kwa watu niliowashawishi.

Na kama anamiliki tovuti, hata ya kurasa kumi, ana jambo la kufanya ambalo wasomaji wa kawaida hawana. Brave imeeleza kwamba roboti yake haijitangazi kwa jina lake, kwa kuchelea tovuti zinazoikubali Google pekee. Mojeek hujitangaza, na kwa hiyo hufungiwa. Afungue faili ya robots.txt ya tovuti yake, inayoziambia roboti zipi zinaruhusiwa kuingia, na kuisoma mstari kwa mstari, hasa kama iliandikwa na aliyemjengea tovuti au ilinakiliwa kutoka mahali. Akikuta imewataja wawili wa kuruhusiwa na mstari wa mwisho unawazuia wengine wote, aongeze MojeekBot, roboti ya Mojeek, kwenye walioruhusiwa. Akague pia kinga ya seva au ya kampuni inayomlindia tovuti, kwa sababu mara nyingi huko ndiko roboti hurudishwa kabla hata haijafika kwenye faili hiyo.